Kunguni wa Mama Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimejifungia nyuma ya duka langu hapa Kitale, bado nanuka sabuni ya kipande, na nimeona heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka Misikhu. Mtacheka, najua. Chekeni polepole.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupulizia dawa nyumba za watu. Mende, kunguni, mchwa, viroboto, wote hao ndio wanaonilisha. Na kama umewahi kuniita kwako unaijua tabia yangu: sifungui chupa ya dawa kabla sijakusomea lebo. Yote! Ule mstari wa rangi unaokuambia sumu ina ukali gani. Kipimo cha maji. Mahali pa kupulizia na mahali pasipopuliziwa. Saa za kukaa nje kabla hujarudi ndani. Kuna mteja mmoja wa Kiminini alisinzia nikimsomea, nikamwamsha tumalizie sehemu ya huduma ya kwanza. Mke wangu, Mama Ivy, huniambia kwamba siku moja nitasomea watu lebo ya chumvi.

Sasa, mama mkwe wangu anaishi Misikhu, mbali kidogo na soko. Ni mwalimu mstaafu. Alifundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, na hadi leo akikuambia kaa, unakaa. Juzi alimpigia binti yake simu akinong'ona kwamba kitandani mwake kuna wadudu. Hakuwataja jina. Wanauma, akasema, na ukiwasha taa wanakimbilia kwenye mbao. Mimi nilikuwa kando nakunywa chai, nikasema hao ni kunguni. Akakata simu.

Shida ni kwamba kesho akina mama wanane wa kanisa wanakuja kulala kwake siku mbili, wana semina. Wengine wanatoka mpaka Cheptais. Wanane hao wakirudi makwao na kunguni kwenye mikoba, kila mtu atajua walikotoka, na mama huyu ndiye mwenyekiti wao. Kwa hiyo dawa ilikuwa lazima ipuliziwe leo, ikauke, nyumba ipate hewa. Kesho ingekuwa tumechelewa.

Utasema, si ana mkwe fundi? Ngoja. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono. Mimi nikiwa sebuleni, yeye yuko jikoni. Salamu hupitia kwa mtu wa tatu, au kwenye simu, maana simu haina macho. Katika miaka tisa ya ndoa sijawahi kusimama naye karibu. Chumba chake cha kulala sijui hata mlango wake uko upande gani, na sitakiwi kujua. Kitanda chake ndicho hicho chenye kunguni.

Kwa hiyo tulikubaliana aende Simiyu. Simiyu ni fundi niliyemwajiri, mtu mzima wa watoto watatu, urefu wangu, unene wangu, hata kutembea tunafanana. Mama alikubali, kwa masharti kwamba asimwambie mtu. Vizuri. Leo asubuhi saa moja Simiyu akanipigia simu na nikasikia tu mngurumo. Mke wake akachukua simu akanieleza: jino limemfurisha shavu lote, wanaenda kuling'oa.

Nilikaa kitandani nikafikiri. Kumtafuta fundi mwingine ilikuwa kuitoa siri ya mama. Kumwambia asubiri haikuwezekana. Macho yangu yakaangukia ovaroli iliyoning'inia mlangoni. Ina kofia yake. Juu yake kuna miwani ya kukinga macho, na maski yenye vichujio viwili inayofunika uso kuanzia puani hadi kidevuni. Mtu akivaa vyote hivyo na gambuti na glavu, hata mama yake mzazi hamtambui.

(Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudi kulala.)

Nikamwambia Mama Ivy mpango wangu. Alicheka, halafu akaona sicheki, akaacha. "Baba Ivy," akasema, "ukishikwa mimi nitasema sikujui." Lakini ni mama yake, na kunguni ni kunguni. Akampigia simu, akamwambia Simiyu yuko njiani, ila ameng'olewa jino na daktari amemkataza kuongea kutwa nzima. Uongo huo tuliugawana nusu kwa nusu.

Nikapanda pikipiki mpaka Misikhu. Pikipiki yangu mama anaijua kwa mlio, kwa hiyo niliiacha kwa rafiki yangu mwenye kinu cha kusaga mahindi, nikabadilisha nguo nyuma ya kinu. Jua lilikuwa kali. Lebo ya ile dawa inasema wazi: chini ya ovaroli vaa shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Naijua sentensi hiyo kwa moyo. Nimeihubiri hadi Webuye. Leo nikasema joto hili litaniua kabla ya dawa, nikavua shati, nikavua suruali, nikabaki na fulana na bukta. Bukta yenyewe Mama Ivy aliiokota kwenye mitumba. Ni ya waridi na ina picha za mananasi. Nani angeiona?

Na kuna jambo la pili, nalo nawaambia kwa sababu tayari nimeshaharibikiwa. Pampu yangu ya mgongoni mpira wake wa kifuniko umechakaa. Niliona ikidondosha tone moja moja nikiwa Kitale, nikasema nitabadilisha jioni.

Nikavuka soko la Misikhu kwa miguu nikiwa nimevaa hivyo, pampu mgongoni, watu wakinipisha njia. Mzee mmoja wa vitunguu aliniuliza kama korona imerudi. Sikujibu, nimeng'olewa jino.

Mama alikuwa ananisubiri uani, miwani puani, leso mabegani. Na kabla sijajua nisimame wapi, akanijia akanipa mkono. Mkono! Nikiwa na glavu, nikamshika mama mkwe wangu mkono kwa mara ya kwanza maishani. Akaniambia pole na jino, Simiyu. Nikaguna kwa uchungu, na uchungu ulikuwa wa kweli.

Nilidhani ataniachia mlango niingie. Hapana. Alisimama katikati ya mlango akanyoosha mkono mwingine. "Lete lebo kwanza," akasema. "Mkwe wangu alinifundisha. Dawa haina lebo, haiingii kwangu."

Mimi ndiye niliyemfundisha, kwa simu, Jumapili baada ya Jumapili. Nilimpa chupa. Akasoma kwa sauti kuanzia jina mpaka nambari ya usajili, kama anayeita majina ya darasa. Akaangalia tarehe ya kuisha. Akaniuliza kama nimepima maji, nikaitikia kwa kichwa. Kama najua godoro na matandiko havipuliziwi, bali nyufa za mbao tu. Nikaitikia tena. Kama nimeona mtungi wa maji umefunikwa, kuku wametolewa, na vyombo vyote vya jikoni viko nje. Vilikuwa nje, vimepangwa. Blanketi na mashuka alikuwa ameyachemsha tangu asubuhi, godoro limeanikwa juani. Halafu akanionyesha, kando ya ukuta, chupa ya soda aliyouziwa na mchuuzi sokoni, ndani kuna dawa ya kahawia isiyo na jina. Ameifunga mfuniko kwa kamba na hajaigusa. Anamngoja mkwe wake aje amwambie itupwe wapi.

Nilikuwa kama najitazama mwenyewe, ila nimevaa leso.

Nikaingia. Sebule nikamaliza vizuri, pembe za ukuta, chini ya makochi, nyuma ya picha za ukutani. Kisha ikabidi niingie kule. Mlango uko upande wa kushoto, sasa najua. Nikainua kitanda nikakigeuza ubavu ili nifikie nyufa. Mama yeye alikuwa ametoka nje kama lebo inavyotaka, lakini akazunguka nyumba akasimama mbali kidogo na dirisha, upande upepo unakotoka (hata hilo nilimfundisha mimi). Na kwa kuwa Simiyu hawezi kuongea, akaona apige gumzo peke yake.

Alianza na bei ya mahindi. Akaja kwenye semina. Halafu akasema, "Simiyu, wacha nikuambie kitu. Huyo mkubwa wako, Baba Ivy, ni mtu wa maana sana. Hawa wamama wenzangu kila siku ni kulia juu ya wakwe zao. Mimi nanyamaza tu. Nitasema nini? Miaka tisa, hajanikosea heshima hata siku moja."

Wakati huo nilikuwa nimeshika miguu miwili ya kitanda chake.

Nataka mjue kwamba nampenda huyu mama. Nilipoanza kazi hii watu walinicheka, wakaniita bwana kunguni, na yeye ndiye aliyesimama kanisani akasema mkwe wake ni daktari wa nyumba. Hatujawahi kutazamana vizuri, lakini hajawahi kulala Jumapili bila kunipigia simu. Na sasa anasifu heshima yangu dirishani, na mimi niko chumbani mwake. Miwani ikajaa ukungu. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikaapa kwamba nikimaliza nyufa hizi natoka mbio, na siri hii nitazikwa nayo.

Nikainama kupulizia ubao wa mwisho. Nikasikia baridi mgongoni.

Ule mpira ulikuwa umekubali kufa. Dawa ilitiririka kutoka begani, ikafuata uti wa mgongo, ikafika kiunoni, ikaingia kwenye mananasi. Haikuwa sumu ya kuua mtu, ilikuwa ya mstari wa buluu na nilishaichanganya na maji, lakini sheria ni moja: nguo ikilowa, unatoka, unavua, unaoga. Nikatua pampu, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikielekea barabarani, nia yangu nifike kwenye kinu nivulie huko.

"Simama."

Nikasimama. Nani hasimami?

Aliutazama mgongo wangu. Akaitoa chupa mfukoni, maana alikuwa amebaki nayo, akasoma kwamba dawa ikimwagikia nguo mtu avue mara moja, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi. Mimi nikatikisa kichwa: hapana, hapana. Akanitazama tena, akaendelea kusoma dalili. Kutetemeka. Akaangalia magoti yangu. Jasho jingi. Akaangalia shingo yangu. Kuchanganyikiwa. Mimi wakati huo nilikuwa najaribu kupenya katikati ya ua wa miti, ilhali lango lilikuwa wazi kabisa kando yangu.

"Mama Protus," akaita, wala hakupaza sauti sana, "kuja haraka. Mtu ya dawa ananifia."

Mama Protus ni jirani yake, anauza samaki, na ana mikono ya mtu anayebeba beseni la samaki kila siku ya Mungu. Alifika akiwa ameshakunja mikono ya nguo. Mama akamzuia kidogo, akampa glavu za kuoshea vyombo, naye akavaa zake, kwa sababu lebo inasema anayesaidia ajikinge pia. Hata katika hali ile nilijisikia fahari kidogo.

Basi fikirieni. Nikiongea, mama atanitambua kwa sauti. Nisipoongea, navuliwa. Nilichagua kufanya ishara: niacheni, nitaoga mwenyewe kule bafuni. Ishara zangu Mama Protus alizielewa kuwa ni degedege. Akanikumbatia kutoka nyuma, mama akashika zipu.

Ovaroli ilishuka mpaka magotini.

"Ai," akasema Mama Protus, "na hii nayo ni nini?"

Mama alimwambia aache kuangalia, alete maji. Nikamwagiwa ndoo ya kwanza. Nikasuguliwa mgongo kwa sabuni ya kipande na kipande cha mkeka. Nikamwagiwa ya pili. Na muda wote huo mama alikuwa ananishika bega akinibembeleza: pole mwanangu, vumilia, utapona, nikikupoteza mkwe wangu nitamwambia nini. Sijaoshwa kwa upendo hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke, na pia nilitamani asiache.

Halafu akakumbuka sentensi ya mwisho: mgonjwa apate hewa safi. Akavuta miwani juu, akavuta maski chini.

Tulitazamana. Povu lilikuwa linanishuka sikioni. Kichwani mwangu hamkuwa na neno hata moja, ila lile nililofunzwa nikiwa mdogo.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Chupa ilimtoka mkononi. Mama Protus alisogeza uso wake karibu na wangu, akanikagua, akamgeukia. "Si huyu ni mkwe yako?"

Mama akavuta leso yake kutoka mabegani, akajifunika uso wote, akageuka, akatembea pole pole mpaka jikoni, akafunga mlango. Ningepigwa ningeshukuru.

Mama Protus alinipa leso yake moja nijifunge, tena aliitoa bila kinyongo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika na najua hakuwa analia. Nikakusanya vitu vyangu pamoja na ile chupa ya mchuuzi, ambayo sikuwa na haki ya kuiacha pale, nikavuka soko la Misikhu nimejifunga leso ya maua na gambuti. Mzee wa vitunguu akanipa pole.

Njia nzima ya kurudi Kitale nilikuwa naona baraza la wazee limeketi kujadili bukta yangu. Kuna faini za mambo haya, blanketi, kondoo, mimi ningelipa vyote na kuongeza. Hicho si kitu. Kilichoniuma ni ile simu ya Jumapili. Niliona wazi kwamba sitaisikia tena sauti yake, na kwamba miaka tisa ya kutembea kwa nidhamu nimeimwaga kwa sababu ya mpira wa kifuniko na uvivu wa kuvaa suruali. Mama Ivy nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona macho yangu, akaniwekea chai ambayo sikuinywa.

Saa kumi jioni simu ikalia. Ni yeye. Nilisimama wima kabla ya kuipokea.

"Baba Ivy, habari ya huko?" Sauti ilikuwa ile ile ya darasa la tatu.

Nikasema nzuri, Mama.

Akasema amenipigia kunishukuru. Fundi wangu Simiyu alifika. Amefanya kazi safi. Yeye mwenyewe amekaa nje zile saa zilizoandikwa, akafungua madirisha, amepangusa meza, na ameona kunguni watano wamelala chali. Wageni wake waje tu. Mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili, nasema ndiyo Mama, asante Mama.

"Alimwagikiwa na dawa kidogo," akasema. "Tulimsaidia, mimi na Mama Protus. Mama Protus nimeongea na yeye. Anajua alisaidia Simiyu."

Nikaihamishia simu sikio la pili, nisije nikawa nimesikia vibaya. Akaendelea.

"Sasa, mwambie Simiyu lebo inasema avae suruali ndani."

"Nitamwambia, Mama."

"Na usimfute kazi. Alikuja kunisaidia na alijua anaweza kupata aibu. Huyo ni mtu mzuri. Mimi nitampigia Jumapili... nitakupigia Jumapili, nikuulize anaendelea aje."

Akakata. Nikakaa kwenye ndoo hapa nyuma ya duka nikalia kidogo, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, jamani, mtu yeyote wa Misikhu akiwauliza, aliyeogeshwa uani leo ni Simiyu. Mwenyewe bado hajui, shavu limemfura. Nitamwambia kesho akiweza kufungua mdomo, na nimeshamnunulia suruali.